Kivuli cha Saa Sita

Ardhi ilipotikisika mara ya tatu ndani ya wiki moja, mama mmoja alibeba mkeka, mto na redio yake, akashuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu, akatandika uwanjani na kuapa kwamba harudi ndani hata abembelezwe na nani. Wapangaji wenzake walipomwona mama yule, asiyeogopa mbwa wala mwenye nyumba, ameshuka na mto wake, nao wakashuka. Mke na mume wa ghorofa ya juu kabisa wakashuka na kitoto chao kichanga. Fundi cherehani wa chini, ambaye hakuwa na ngazi ya kushuka, akatoa cherehani yake nje asije akaonekana mjinga peke yake. Jengo zima likahamia uwanjani, watu wakapikia nje, wakagombania kona isiyopigwa na upepo.

Aliyewarudisha ndani ni binti mkubwa wa yule mama. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Huyu binti alifanya kazi kwenye kitengo cha ramani cha jiji. Nyumbani walimwita Bi Sahihi, jina alilopewa na mama yake mwenyewe tangu utotoni, kwa sababu mtoto yule hakuwahi hata siku moja kukubali kwamba amekosea. Aliwahi kuunguza wali mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna moto, naye akasimama wima mbele ya moshi akasema sufuria ndiyo mbovu. Akiwa mkubwa, na shahada yake ukutani, tabia ilikuwa ileile ila imevaa viatu.

Basi mama akampigia simu kutoka uwanjani. "Hebu niangalizie nyumba yangu kwenye hiyo ramani yenu ya matetemeko. Ni rangi gani?"

Bi Sahihi alikuwa na kazi hadi kooni. Simu akaibana begani, mkono mmoja ukasogeza ramani kwenye kompyuta hadi mtaa wa mama yake. "Kijani, mama."

"Kijani ndiyo nini?"

"Ndiyo hatari ndogo. Nyekundu ni mbaya, njano wastani, kijani salama salmini. Rudi ndani, utapata baridi ya mifupa bure."

"Una hakika?"

"Mama, kwani lini nimewahi kukosea?"

Mama akacheka, maana jibu alikuwa nalo na lilikuwa refu, lakini hakutaka ugomvi kwenye simu. Akakunja mkeka. Akapanda ngazi akitangaza kila ghorofa, "Mwanangu amesema kijani! Kijani, jamani, rudini mkalale!" Watu wakarudi. Hata kitoto kichanga kikarudishwa juu kabisa, chini ya paa la zege, kikalala vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile. Mama alimpigia tena kumsimulia hayo yote, sauti imejaa majivuno, na Bi Sahihi akafurahi. Nani asingefurahi? Ni lini mama yake aliwahi kumtangaza ngazini?

Siku tatu baadaye, baada ya chakula cha mchana, ramani ilichapishwa. Ilitoka kwenye mashine kubwa ikiwa pana kama shuka la kitanda cha watu wawili, wakaibandika ukutani ili bosi aitazame kabla ya kuipeleka baraza la jiji saa tisa. Ilikuwa kazi ya miezi mingi. Chini kabisa waliweka tabaka la udongo: wapi pana mwamba, wapi palikuwa bonde la mto likajazwa kifusi zamani. Juu yake wakaweka majengo, ya matofali au ya zege, ya zamani au mapya, mafupi au marefu. Kompyuta ikayajumlisha hayo yote na kutoa rangi. Nyumba fupi kwenye mwamba, kijani. Jengo refu la matofali juu ya kifusi, nyekundu, na hapo hakuna mjadala.

Lakini nani angezunguka mji mzima akihesabu ghorofa? Watu wenyewe walikuwa wanne, na mmoja yuko likizo ya uzazi. Kwa hiyo walitumia picha zilizopigwa na ndege kutoka juu. Kutoka juu paa ni paa, huwezi kujua chini yake kuna ghorofa ngapi, ila kivuli hakidanganyi. Jengo refu lina kivuli kirefu. Ukiiambia kompyuta picha ilipigwa saa ngapi, inajua jua lilikuwa wapi, inapima kivuli, inakupa ghorofa. Njia hiyo aliileta Bi Sahihi mwenyewe, na aliwafundisha wenzake kwa madaha kidogo.

Alisimama upande wa pili wa chumba na kikombe cha chai, akiitazama kazi yake kwa mbali kwa mara ya kwanza. Kwenye kompyuta siku zote alikuwa anaiona vipande vipande, pua imegusa kioo. Sasa aliiona yote. Nyekundu imefuata bonde la zamani, ikipinda linapopinda. Njano imelala pembeni yake. Na katikati ya ile nyekundu kulikuwa na mkanda wa kijani.

Mkanda huo ulikuwa umenyooka. Ulianza juu ya ramani ukaishia chini, kingo zake mbili zimenyooka kabisa, ukakata bonde, ukakata barabara, ukakata hata soko katikati, nusu nyekundu, nusu kijani.

"Mzee," alisema polepole, akimwambia mtaalamu wa miamba, mwenzake aliyekuwa karibu kustaafu, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee wa Udongo. "Njoo utazame hapa."

Mzee wa Udongo akaja, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. "Mimi nimefanya kazi na ardhi miaka yote hii," alisema, "na sijawahi kuiona ikitumia rula."

Aliweka kikombe mezani. Ardhi haina rula, lakini ndege inayo. Ndege hupiga picha kwa kwenda na kurudi, mkanda baada ya mkanda. Na sasa akakumbuka. Siku ile ya picha kulikuwa na wingu. Mkanda mmoja ulikataliwa, ndege ikarudi siku nyingine kuupiga upya. Mikanda yote ilipigwa asubuhi. Ule mmoja ulipigwa saa sita mchana.

Saa sita! Kila mtoto anayecheza nje anajua: asubuhi kivuli chako ni kirefu kukupita mwenyewe, saa sita kimejikunyata miguuni. Na yeye, fundi wa vivuli, mwalimu wa vivuli, aliiambia kompyuta kwamba picha zote ni za asubuhi. Kompyuta, maskini, ikaona vivuli vifupi, ikaamini kwamba mkanda ule wote ni vibanda.

Aliketi, akasogeza ramani hadi mtaa wa mama yake, akabonyeza ile nyumba. Safari hii hakutazama rangi. Alisoma kilichoandikwa chini yake. Udongo: kifusi. Ukuta: matofali. Idadi ya ghorofa: moja.

Moja! Jengo ambalo ngazi zake alizipanda na ndoo ya maji kichwani tangu ana miaka saba! Jengo la ghorofa nne, alimojifunza kuhesabu kwa kuhesabu vidato! Angeulizwa na mtu yeyote barabarani angejibu bila kufikiri. Lakini siku ile hakuulizwa ghorofa ngapi. Aliulizwa rangi gani, akasoma rangi.

Akaandika nne, akabonyeza. Nyumba ya mama yake ikawa nyekundu.

Hapohapo kijiko kikaanza kugonga kikombe, ti-ti-ti-ti, kidogo tu, kisha kikanyamaza. Watu wote wakabaki wameinua macho kwenye taa ya darini iliyokuwa inacheza.

Akampigia mama. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alijua iko wapi: chumbani, imechomekwa kwenye chaji, mlango umefungwa, na mwenyewe yuko jikoni anaimba.

Bosi alipofika aliielewa habari haraka, hilo tumpe haki yake. Uso ulimbadilika. Lakini bosi ni bosi. "Rekebisheni," alisema. "Barazani nitaomba tusogeze hadi Jumatatu, niseme mashine imeharibika. Ila hakuna kutoka nje na habari hii leo. Mnanielewa? Ukienda mtaani kuropoka, watu watakanyagana ngazini. Watakufa kwa hofu kabla ya tetemeko."

"Bosi, mimi nimeshamaliza kuropoka," Bi Sahihi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka bosi akainama kumsikia. "Walikuwa nje. Mimi ndiye niliyewaambia warudi ndani."

"Nani?"

"Mama yangu. Na jengo zima."

Mzee wa Udongo ndiye aliyevuta kiti mbele ya kompyuta. "Nenda, mwanangu. Huu mkanda nitaubadilisha saa mimi mwenyewe, majengo yote yahesabiwe upya. Na wewe, bosi, ukishaona mitaa mingapi imegeuka nyekundu, sidhani kama utasubiri Jumatatu."

Mtaa haukuwa mbali, na kwa miguu ulikuwa karibu zaidi kuliko kwa gari. Alikwenda nusu akitembea nusu akikimbia, mkoba ukimpiga ubavuni. Kwenye kona ya soko alivuka ule mstari. Hakukuwa na mstari wowote, bila shaka, kulikuwa na lami na maganda ya machungwa, lakini aliujua ulipo, na tangu hapo kila alichokitazama kilimuumiza. Ghorofa tatu, mtu anakata kucha kibarazani. Ghorofa nne, nguo zimeanikwa. Ghorofa tano, ukuta una ufa umepakwa chokaa juu, na Waswahili walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema ukiuziba kwa rangi tu inakuwaje. Yote hayo kwenye ramani yake yalikuwa vibanda. Alitamani kupiga kelele pale pale barabarani, akaogopa yale ya bosi, ya kukanyagana. Kwanza mama. Kwanza mama, halafu arudi nyumba kwa nyumba hata kwa magoti.

"Subiri kidogo," alikuwa ananong'ona, akitazama chini. "Subiri kidogo tu, tafadhali." Mwanamke aliyekuwa anapishana naye akageuka akidhani anaambiwa yeye.

Mlangoni fundi cherehani alikuwa amerudisha mashine yake ndani, anashona, redio imefunguliwa. "Aa, Bi Kijani!" alimwita. "Karibu! Tangu uliposema, nimelala kama gogo."

Alimpita. Alipanda. Kila kidato alikijua, hata kile kilichomeguka cha ghorofa ya pili, na kwa mara ya kwanza maishani alihisi uzito wa vyote vilivyo juu yake.

Mama alikuwa jikoni kweli, na alikuwa anaimba kweli. "Bi Sahihi! Saa hizi? Na mkono mtupu? Nyie watoto mmesoma shule gani hiyo isiyofundisha kununua hata mkate?"

"Mama, shuka chini. Sasa hivi."

"Kuna nini?"

Na hapo, sijui ni shetani gani alimshika ulimi, neno lenyewe halikutoka. Lilikuwa tayari, likagoma. Badala yake akasema, "Kuna zoezi. Ofisi inafanya zoezi la kutoka nje."

"Zoezi na maharage yangu yako jikoni? Waambie nimetoka kwa moyo."

"Mama, ramani imebadilika."

"Imebadilika? Nyumba imehama?"

"Kuna data mpya. Kuna marekebisho yamefanyika kwenye mfumo, kwa hiyo kwa sasa inashauriwa..."

"Inashauriwa na nani? Zungumza kama mtu, mwanangu. Naona unazungumza kama redio."

Mlango ulikuwa wazi, na majengo kama yale hayana siri. Fundi cherehani alikuwa amemfuata juu kwa udadisi, futi ya kupimia bado shingoni. Baba wa kitoto kichanga alisimama ngazini na mwanawe begani. Mlango wa jirani ukafunguka, na wa pili yake.

"Nimesikia vizuri?" fundi aliuliza. "Juzi kijani, leo imebadilika. Kesho itakuwa zambarau? Sisi ni watu, dada, si vitambaa."

"Mke wangu ana mshono wa kujifungua," alisema baba wa mtoto, na huyu hakuwa anatania hata kidogo. "Nimempandisha ngazi hizi kwa mikono yangu kwa sababu yako. Sasa unataka nimshushe? Sema sababu. Sababu ya kweli."

Wote wakamtazama. Bi Sahihi aliwatazama pia, na akaona kwamba kama atasema tena "mfumo" hakuna atakayeshuka. Watakasirika, watacheka, watarudi vyumbani mwao. Alimtazama yule mtoto. Alikuwa amelala mdomo wazi.

"Nimekosea," alisema.

Halikutoka vizuri. Akalirudia. "Nimekosea mimi. Si mashine, si ofisi. Niliambiwa nipime majengo, nikaweka saa isiyo sahihi, kompyuta ikadhani hapa ni nyumba ya chini, ya ghorofa moja. Mama aliponiuliza sikusoma, nilitazama rangi tu. Hapa ni nyekundu. Tangu mwanzo palikuwa nyekundu. Mlikuwa mmefanya vizuri kutoka, na mimi nikawarudisha. Nisameheni, lakini shukeni kwanza ndipo mnisamehe."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Fundi cherehani alianza kusema kitu chenye meno, ilionekana usoni, lakini mama mtu akainua mwiko.

"Nyamaza, fundi." Akazima jiko. Akaiangalia ile sufuria ya maharage ambayo hayajaiva, akaifunika. "Nyote mnanijua. Tetemeko la kwanza sikushtuka. La pili sikushtuka sana. La tatu nilishuka kwa sababu redio ilianguka kabatini. Sasa nisikilizeni. Huyu nimemzaa mimi, nimemlea mimi, na tangu alipoanza kusema sijawahi kulisikia hilo neno mdomoni mwake. Aliunguza nusu ya nyumba akasema sufuria mbovu. Leo amelisema mara mbili, mbele ya watu." Akavaa kanga yake ya pili mabegani. "Mimi hiyo ndiyo imenitisha kuliko tetemeko. Shukeni! Taratibu, wenye watoto mbele, hakuna kusukumana. Fundi, mshike yule mama mwenye mshono upande wa kushoto. Na nani atanibebea mto?"

Wakashuka. Hakuna aliyekanyagwa. Walishuka wakinong'ona, kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa, na Bi Sahihi alikuwa wa mwisho, akigonga kila mlango aliopita na kusema lile neno kila ulipofunguliwa. Kufikia ghorofa ya kwanza lilikuwa linatoka lenyewe.

Nje jua lilikuwa limeanza kulala. Watu walikuwa wanatandika mikeka palepale walipokuwa wamelala siku za mwanzo, karibu na ukuta, kwenye ubaridi mzuri. Akasimama akawatazama, kisha akatazama kile kivuli. Kilikuwa kimetoka miguuni mwa jengo, kimepita mikeka, kimepita kamba za nguo, kimekaribia kufika barabarani. Kirefu, cheusi, ghorofa zote nne zimo ndani yake, hata tangi la maji la juu ya paa.

"Tokeni kivulini," alisema.

"Aa, jamani, jua hili lote," mtu mmoja alilalamika.

"Tokeni kivulini! Jengo likianguka litalala humo humo. Nendeni mpaka kivuli kinapoishia, halafu ongezeni. Kikisogea, na sisi tusogee."

Wakakunja mikeka kwa mara nyingine wakahamia juani, watoto wakidhani ni mchezo, wakiruka ukingo wa kivuli kwa miguu miwili. Alimpigia Mzee wa Udongo. Mzee akamweleza kwamba bosi ameitazama ile rangi mpya, kisha akachukua simu akaanza kupiga mwenyewe, na kwamba magari yenye vipaza sauti yako njiani. Bi Sahihi akamshukuru. Alitaka kuondoka kwenda jengo la pili, lile la ghorofa tano lenye ufa, lakini mama alimshika mkono.

"Kaa unywe maji kwanza, unatetemeka kuliko ardhi."

Akakaa. Mama akamfuta uso kwa pindo la kanga bila kuuliza ruhusa. Mbele yao jengo lilisimama kimya, madirisha wazi, shati moja la mtu limesahauliwa kwenye kamba ya ghorofa ya juu.

"Na lisipokuja?" mama aliuliza. "Hilo tetemeko lako kubwa. Tukikaa hapa wiki nzima tunaungua jua, halafu lisije?"

"Basi nitakuwa nimekosea mara ya pili, mama. Watanicheka mtaa mzima."

Mama akalifikiria hilo kidogo, akiwatazama wale wenzake wanaohangaika na mikeka, na kile kitoto, ambacho kilikuwa kimeamka sasa na kulia.

"Mungu akujalie ukosee, mwanangu."

"Amina," alisema Bi Sahihi.

Akanywa maji yote, akarudisha kikombe, akainuka kwenda kugonga milango ya jengo la jirani. Hakuacha kugeuka nyuma kulitazama lile shati, kuona kama linacheza kwa upepo au kwa ardhi.